Mume asiposaini: nadharia zilizo nyuma ya maadili ya tiba

Mjini Kigoma ubishi huu haukauki. Mke yuko wodi ya wazazi, daktari amesema lazima apasuliwe, mume hayupo na simu yake haipatikani. Apasuliwe, asipasuliwe? Kwenye vijiwe vya Mwanga na Gungu utamsikia mtu akisema kwamba daktari akimgusa mke wa watu bila mume kukubali na kusaini, hana maadili. Aliyekaa benchi la pili atajibu kwamba daktari akimsubiri mume huku mama anakufa, huyo ndiye asiye na maadili. Kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake kapotoka.

Kwa maoni yangu wote wawili wameshika kitu cha kweli. Kila mmoja amekamata ncha ya hoja ambayo wanafalsafa na matabibu wameichambua kwa miaka mingi, wakaonyesha nguvu zake na mahali inapokwama. Ubishi wa kijiweni haufiki mbali kwa sababu watu wanarushiana hukumu bila kuonyeshana sababu, na kazi ya maadili ya tiba ni kuzitoa sababu hizo hadharani zipimwe.

Tuweke maana sawa kwanza. Maadili ya tiba ni somo linalouliza kipi kinafaa kutendwa katika matibabu na utafiti wa afya, na kwa nini. Muuguzi anayemtukana mjamzito, au anayedai "ya soda" kabla ya kutoa huduma, amekosa nidhamu ya kazi. Hapo hahitajiki mwanafalsafa. Kila mtu anajua ni kosa, na baraza la taaluma yake lipo kwa ajili hiyo. Somo lenyewe linaanza pagumu zaidi, pale watu wenye nia njema wanapotazama mgonjwa mmoja na kufikia uamuzi tofauti.

Sasa tuchukue kisa kimoja tukipekue. Ni cha kutunga, ila mkazi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ataona kinafanana na anayoyajua. Mama wa miaka 24 kutoka kijiji cha mwambao, kusini mwa mji wa Kigoma, wilaya ya Uvinza, ameletwa kwa boti akiwa na uchungu tangu jana alfajiri. Mtoto hashuki, na mapigo ya moyo wake yanapungua. Mume yuko ziwani. Ni kipindi cha giza, wavuvi wa dagaa hawalali nyumbani. Aliyemsindikiza ni mama mkwe, na neno lake ni moja: "Tumsubiri mwenye mke." Mama mwenyewe ana akili timamu, lakini anaogopa kisu. Shoga yake alimwambia kwamba mwanamke akishapasuliwa hashiki tena jembe.

Nadharia ya kwanza inatazama matokeo. Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill, wa karne ya 18 na 19, ndio wanaotajwa zaidi hapa. Kwao tendo jema ni lile linaloleta manufaa makubwa na maumivu machache kwa wote wanaoguswa nalo. Kwa mama wetu hesabu inaonekana nyepesi: kila saa inayopita, kizazi kinaweza kupasuka, mtoto anaweza kufa, na mama akipona anaweza kubaki na fistula, tundu linalomfanya avuje mkojo au haja. Apasuliwe sasa. Yule wa benchi la pili ni mwanafunzi wa Bentham bila kujijua, na hoja yake ina uzito mkubwa.

Lakini hesabu ya manufaa ina upofu wake, na Kigoma na Tabora zina sababu ya pekee ya kuujua. Miaka ya 1920 na 1930, utawala wa Waingereza uliwaondoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika katika sehemu hizi za magharibi, ukawakusanya kwenye makazi maalumu yaliyofyekwa pori, ili mbung'o wakose kivuli na malale, ugonjwa wa usingizi wanaoueneza, ikose njia. Malale ilikuwa inaua kweli, na hoja ya kuokoa maisha ya wengi haikuwa ya uongo. Ila waliobeba gharama ni wale walioacha mashamba na makaburi ya wazee wao, kwa amri iliyotoka juu. Maeneo makubwa waliyoyahama yalirudi kuwa pori la wanyama. Anayehesabu manufaa kwa jumla tu anaweza kufunga daftari akiwa ameridhika, bila kumwona mzee aliyekufa akiwa mbali na shamba lake. Na yote hayo yalifanyika kihalali, kwa sheria za wakati ule. Anayedhani kwamba maadili ni kufuata sheria, basi, atafakari hilo.

Nadharia ya pili inashika wajibu. Mwenyewe ni Immanuel Kant, Mjerumani aliyechapisha kazi yake ya msingi juu ya jambo hili mwaka 1785. Kant anasema binadamu ana hadhi isiyo na bei, hivyo asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, hata lengo hilo likiwa zuri. Hasemi tusitumiane. Mwanafunzi wa udaktari anajifunza kwa kumpima mgonjwa wa kweli, na hakuna ubaya mgonjwa akiwa ameelezwa na amekubali. Ubaya unaanza pale mgonjwa anapogeuzwa daraja la kupitia.

Historia ya utafiti wa tiba imejaa madaraja ya namna hiyo. Kati ya 1906 na 1907, Robert Koch, daktari mashuhuri wa Kijerumani, alikuwa visiwa vya Sese upande wa Uganda akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa iitwayo atoksili. Dozi zilipopandishwa, baadhi yao walipofuka. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Walidanganywa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940 hawakupewa, kwa sababu watafiti walitaka kuona ugonjwa unavyomaliza mwili. Mtu anaweza kujitetea kwamba elimu iliyopatikana ingesaidia vizazi vijavyo. Kant anaifunga hoja hiyo kabla haijafika kwenye hesabu.

Turudi wodini. Kwa jicho la wajibu, swali la kwanza si mume yuko wapi. Swali ni kama mama huyu ameelezwa na amekubali, kwa sababu tumbo ni lake na uhai ni wake. Akisemewa na mama mkwe au na mume huku yeye ana akili timamu na anaongea, amegeuzwa kitu kinachojadiliwa. Hapo hapo Kant anamgeukia pia daktari mwenye haraka: hata kama hesabu ya manufaa iko wazi, huruhusiwi kumfunga mikono umpasue kwa nguvu.

Nadharia ya tatu ni ya kale kuliko hizo mbili. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, hakuanza na kanuni wala hesabu. Aliuliza mtu mwenye tabia njema angefanyaje. Hili linaonekana wazi ukisimama karibu na kitanda. Muuguzi wa kwanza anasukuma karatasi na kalamu: "Saini hapa, haraka, unataka mtoto afe?" Muuguzi wa pili anainama mpaka macho yake yakae sawa na ya mama, anamshika kiganja, anamwambia kwa Kiha, lugha aliyozaliwa nayo, kwamba mtoto amechoka na njia haimtoshi, anamweleza kwamba jeraha la upasuaji hupona na wapo wanawake wengi tu wanaolima baada yake, kisha anamuuliza, "Unaogopa nini zaidi?" Saini inaweza kupatikana kwa wote wawili. Fomu itafanana. Ila aliyepata ridhaa ni wa pili, na wa kwanza amepata wino.

Ndiyo maana napinga kwa nguvu zote dhana kwamba ridhaa ni kusaini fomu. Ridhaa inataka mtu aambiwe ukweli kwa lugha anayoielewa, aelewe, awe na uwezo wa kupima, na aamue bila kushurutishwa. Karatasi ni ushahidi kwamba hayo yametokea. Yasipotokea, karatasi inashuhudia ambacho hakikuwepo.

Ipo na sauti ya nne, ambayo wengi wetu tunaisikia nyumbani kabla ya kuisoma popote. Mwaka 1982 mwanasaikolojia wa Marekani Carol Gilligan alionyesha kwamba kuna namna ya kufikiri kimaadili inayoanza na uhusiano kati ya watu na wajibu wa kutunzana, badala ya kuanza na haki za mtu mmoja mmoja. Wanafalsafa wa Kiafrika nao wamesisitiza kwamba mtu ni mtu kwa sababu ya watu. Mama mkwe anaposema "tumsubiri", huenda anamaanisha kwamba uamuzi mzito haubebwi na mtu peke yake, na hapo yuko sahihi. Kama mama mwenyewe anataka kusikia sauti ya mumewe kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, basi mume atafutwe kwa kila simu iliyopo. Kutaka ushauri wa mwenzako ni sehemu ya kujiamulia. Kunyimwa sauti hadi mwenzako afike ni kitu kingine kabisa, na tusikivishe kanzu ya mila.

Msomaji anaweza kuuliza: nadharia nne, kila moja na wimbo wake, daktari wa zamu ya usiku afanye nini? Swali hilo hilo ndilo lililowakutanisha Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, waliotoa kitabu chao juu ya kanuni za maadili ya tiba mwaka 1979. Mmoja alielemea upande wa manufaa, mwingine upande wa wajibu. Pamoja na tofauti hiyo waliona wanaweza kukubaliana juu ya kanuni nne: kuheshimu uhuru wa mtu kujiamulia, kutomdhuru, kumtendea mema, na kutenda haki katika kugawa huduma na mizigo. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanazikariri siku hizi kama herufi, na kukariri huko ndiko kunakozaa dhana kwamba kanuni nne ni mashine ya majibu: unaingiza kisa, linatoka jibu.

Sivyo zinavyofanya kazi. Beauchamp na Childress walichukua wazo la mwanafalsafa wa Uskoti, W. D. Ross, aliyeandika mwaka 1930 kwamba tuna wajibu wa aina nyingi, kila mmoja unatufunga mpaka pale unapokutana na mwingine ulio mzito zaidi kwa wakati ule. Ni kama umetenga fedha umlipe aliyekukopesha, ukamwahidi Ijumaa, kisha Alhamisi usiku mtoto anapandwa na homa kali. Fedha inaenda hospitali, na hakuna atakayekulaumu. Lakini deni halijafa. Asubuhi unampigia aliyekukopesha, unamweleza, unampa tarehe nyingine, na utalipa. Kanuni iliyozidiwa uzito wodini nayo inabaki na deni lake. Mgonjwa aliyeletwa hajitambui akapasuliwa bila ridhaa ili aokolewe, akizinduka ana haki ya kuelezwa yote yaliyofanyika na kwa nini. Daktari anayesema "nilikuokoa, unataka nini tena" amelisahau deni.

Zaidi ya nadharia kuna njia, yaani namna ya kutoka kwenye wazo hadi kwenye uamuzi. Njia ya kwanza inashuka kutoka juu: chukua kanuni, itumie kwenye kisa. Njia ya pili inapanda kutoka chini: anza na visa ambavyo hakuna anayebisha, kisha uone kisa chako kinafanana na kipi. Wanafalsafa Albert Jonsen na Stephen Toulmin waliitetea njia hii kwa nguvu mwaka 1988. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi na tume ya Marekani iliyoundwa baada ya kashfa ya Tuskegee, ile iliyotoa Ripoti ya Belmont, juu ya maadili ya utafiti kwa binadamu, mwaka 1979. Waliona jambo la kushangaza: wajumbe walikubaliana mara nyingi juu ya nini kifanyike kwenye kisa fulani, huku wakitofautiana juu ya sababu.

Kwa wasomaji wa Ujiji au Tabora waliokaa mbele ya shehe, njia hii haitakuwa ngeni. Wanazuoni wa Kiislamu wanapima jambo jipya kwa kulilinganisha na lile ambalo hukumu yake inajulikana. Na kanuni ya kutodhuru wameisikia msikitini: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wakristo nao wana mapokeo marefu ya kupima dhamiri kwa visa. Kwa hiyo nikisikia kwamba maadili ya tiba ni mambo ya Wazungu, naona msemaji amesahau alichofundishwa utotoni. Majina ya vitabu yametoka kwao. Kazi ya kupima jambo gumu kwa kutoa sababu ilikuwapo hapa kabla ya vitabu hivyo.

Hebu tuitumie. Kisa cha wazi upande mmoja: dereva wa bodaboda amegongwa, hajitambui, damu inamtoka. Anatibiwa mara moja, hakuna anayedai fomu. Kisa cha wazi upande wa pili: mtu mzima wa Mashahidi wa Yehova, anayejitambua, ameelezwa hatari zote, na bado anakataa kuongezewa damu kwa imani yake. Maadili ya tiba ya leo yanamheshimu, ingawa inauma. Mama wetu yuko kati ya hao wawili. Anajitambua, kwa hiyo hafanani na dereva. Lakini hofu yake imejengwa juu ya habari isiyo sahihi kuhusu jembe, kwa hiyo hafanani sawasawa na Shahidi wa Yehova, aliyekataa huku akijua. Kulinganisha huku kunatuonyesha kazi ya kwanza ni ipi: kumwondolea uongo alioambiwa. Dakika chache za maelezo ya kweli, kwa lugha yake, kwa muuguzi wa aina ya pili. Akikubali, apasuliwe, awe mume amefika au hajafika, na mama mkwe aelezwe kwa heshima kwamba mkwewe amesema. Akielewa kila kitu na bado akakataa, daktari anaweza kumsihi, kumwitia mtu anayemwamini, kurudi tena baada ya dakika tano. Kumshika kwa nguvu hawezi. Hilo la mwisho najua litawakera wengi, hasa nikifikiria mtoto aliye tumboni, na sijidai kwamba halina uchungu.

Ipo njia ya tatu, ya kwenda na kurudi, iliyopewa umbo na mwanafalsafa wa Marekani John Rawls mwaka 1971. Unapima kanuni kwa visa na visa kwa kanuni, ukirekebisha upande unaoonekana umekosea, mpaka vishikane. Hii inajibu dhana kwamba kila mtu ana maadili yake na hakuna wa kumwambia mwenzake kitu. Hukumu inayodumu ni ile iliyopitishwa kwenye kanuni, kwenye visa vinavyofanana, na mbele ya wanaopinga. "Mimi naona hivyo" haijapita popote.

Kanuni ya haki ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa kuwa haionekani kitandani. Mama yule amefika akiwa amechelewa. Ubishi wote juu ya saini ulizaliwa na safari ya boti iliyokula saa ambazo zingetosha kuzungumza, kumtafuta mume na kufikiri. Akiwa jirani na chumba cha upasuaji angeelezwa kwa utulivu na kungekucha mume yupo. Kanuni ya haki inauliza kwa nini hatari hii imewekwa begani kwa wanawake wa mwambao kuliko wa mjini, na swali hilo analijibu anayepanga bajeti ya boti ya wagonjwa na vituo vya kusini. Mkunga wa zamu hana jibu lake.

Limebaki tatizo moja ambalo huleta mkanganyiko kila mara: chanjo na utafiti. Septemba 2023, wachanja wa polio walipopita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya mipakani, Kigoma ikiwemo, ungeweza kusikia watu wakisema tunafanyiwa majaribio. Ni vitu viwili tofauti. Kampeni ya chanjo iliyokwisha kuidhinishwa ni huduma; anayetarajiwa kunufaika ni mtoto na jirani zake. Utafiti unatafuta jibu ambalo bado halijulikani, na mshiriki anaweza asinufaike kabisa. Kwa sababu hiyo masharti ya utafiti ni makali zaidi. Msingi wake uliwekwa Nuremberg mwaka 1947, baada ya madaktari wa Kinazi kuhukumiwa, ukaendelezwa na Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani la mwaka 1964. Kwa Tanzania Bara, utafiti wa afya unaohusu binadamu lazima uwe na kibali cha kimaadili cha kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ambayo ina kituo Tabora. Mzazi wa mtoto aliyepewa chanjo naye anastahili kuelezwa ni chanjo gani na ya nini. Kwamba ni huduma hakumfuti yeye kwenye mazungumzo.

Akija mtu kijijini kuchukua damu kwa ajili ya utafiti, muulize anatafuta nini, damu itakwenda wapi na itatunzwa kwa muda gani, kuna hatari gani, majibu yako yataonwa na nani, na kibali chake kiko wapi. Fomu ya kweli ina namba ya simu ya kulalamikia, na nakala moja ni yako. Ukikataa, au ukikubali leo ukajitoa kesho, huduma yako ya kawaida pale zahanati haipaswi kupungua hata kidonge kimoja.